Chupa ya Dirishani na Funguo za Bi Kizibo

Jua halijafika kwenye ukuta wa maabara, na tayari kuna mtu anashukiwa.

Leo ni mfagiaji. Anapita karibu na mlango na ndoo ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, ina maji. Mwanamke aliyesimama kwenye ngazi anamsimamisha kwa kidole, anainama, anachungulia ndani ya ndoo, ananusa, kisha anamruhusu aendelee na safari. Mfagiaji hakasiriki. Ananuswa kila asubuhi.

Mwanamke huyo ni mhudumu wa maabara ya kemia katika shule hii ya bweni. Wanafunzi wamempa jina la Bi Kizibo, kwa sababu haachi chupa wazi, na hataki kuona mdomo wa mtu ukiwa wazi karibu na chupa. Jina lenyewe analijua. Anachotafuta hadi leo ni nani aliyelianzisha.

Amevaa koti lake jeupe, lenye madoa meusi kwenye mikono ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyatoa. Kitambaa cha kichwani kimefungwa vizuri. Kimepungua kitu kimoja tu: shada la funguo kiunoni. Kwa miaka mingi mtu alimsikia Bi Kizibo kabla ya kumwona, na wengi walitumia nafasi hiyo kutoweka. Asubuhi hii amefika kimya, na ukimya huo umewatisha wanafunzi kuliko funguo.

"Nasubiri mlango wangu ufunguliwe na mtu mwingine," anasema, macho yakiwa kwenye mifuko ya mwandishi wa habari hii. "Ni sawasawa na kupiga hodi jikoni kwako, halafu uambiwe ngoja."

Mifuko ya mwandishi ilikaguliwa, ikaonekana haina hatia.

Funguo zilichukuliwa na Mkuu wa shule wiki iliyopita, hadi ukweli ujulikane. Ukweli unatarajiwa leo kabla ya chakula cha mchana. Ukionyesha kwamba chupa moja ya kemikali ilibadilishwa ikiwa mikononi mwa Bi Kizibo, hatarudishiwa funguo. Atavua na koti.

Chupa yenyewe ilikuwa ya alkini.

Kwa msomaji ambaye kemia ilimpita pembeni, au yeye ndiye aliyeikwepa: alkini hii ni kimiminika chepesi kisicho na rangi, chenye harufu inayokaribiana na ya petroli. Ndani yake kuna kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono miwili, wakati mmoja ungetosha. Mkono wa ziada huachia kwa urahisi, na hapo vitu vingine hupata pa kujishikiza. Wanakemia huita jambo hilo mmenyuko wa kujumlisha. Ukiipa alkini hidrojeni bromidi, hidrojeni inakwenda kwa kaboni moja na bromini kwa nyingine. Swali ambalo limewakosesha wanafunzi usingizi, na wiki hii limemkosesha Bi Kizibo, ni nani anakwenda kwa nani.

Mwalimu wa kemia ni kijana mwembamba aliyesoma katika shule hii hii. Suala hilo hulifundisha kwa vitanda.

"Msako umeingia bwenini," huanza hivyo, na darasa zima hukaa sawa. "Hidrojeni ndiye mwalimu wa zamu, yeye huingia wa kwanza. Mbele yake kuna vitanda viwili, kimoja cha ukutani na kinachofuata. Akiketi kwenye kimoja, anajichukulia jozi ya elektroni walizokuwa wanachangia. Mwenye kitanda cha pili anabaki na upungufu. Huyo ameshikwa na simu. Kwa jina la kitabuni ni karbokationi, kaboni yenye chaji chanya. Haya, mkishikwa na simu, mngependa mwe mmelala wapi?"

"Kitanda kinachofuata, Mwalimu. Si cha ukutani."

"Kwa nini?"

"Ukutani una jirani mmoja. Huku una majirani pande zote mbili."

"Na majirani wanafanya nini?"

"Kila mmoja anasema simu kidogo ni yake."

"Basi mmemaliza somo," husema mwalimu. Kaboni iliyopungukiwa hutulia zaidi ikiwa na kaboni nyingine jirani, kwa sababu kila jirani huisogezea elektroni zake kidogo, na mzigo unagawanyika. Kwa hiyo hidrojeni huketi ukutani, upungufu huangukia kaboni ya pili ambako wasaidizi wapo, na bromini huja nyuma kukaa na mshtakiwa. Kila kitabu cha kemia kinasema hivyo, na mtihani pia unataka hivyo.

Wiki iliyopita chupa ilikataa.

Siku hiyo Mkuu wa shule alikuwa amekaa nyuma ya darasa na wageni wawili wa bodi, waliokuja kuona kama maabara inastahili kuongezewa vifaa. Tangu asubuhi mwalimu alikuwa ameijumlisha alkini na hidrojeni bromidi, akapata zao lake. Lilikuwa limeoshwa vizuri, asidi yote ikatoka. Kilichobaki ni kudondoshea nitrati ya fedha iliyoyeyushwa kwenye spiriti, na kushikilia mrija ndani ya maji ya moto. Bromini ikiwa kwenye kaboni ya pili, mrija unatiwa ukungu mweupe-manjano upesi. Ikiwa kwenye kaboni ya ukutani, mrija unakaa bila mabadiliko kwa muda mrefu.

Mrija ulikaa bila mabadiliko. Ulikaa hivyo hadi mgeni mmoja wa bodi akaangalia saa yake, na mwenzake akaangalia saa ya huyo wa kwanza.

"Mwalimu," Mkuu aliita kutoka nyuma, "kuna nini?"

"Bromini imekaa pasipo pake, Mkuu."

"Imekaa, au imewekwa?"

Walioshuhudia wanasema Mkuu aliitazama chupa, akamtazama Bi Kizibo, akairudia chupa, kwa utaratibu wa mtu anayelinganisha picha ya kitambulisho na sura. Muhula mzima kulikuwa na minong'ono kwamba kemikali za shule zinauzwa kwa wapaka rangi, halafu chupa zinajazwa kitu kingine chochote kinachong'aa. Hakuna aliyewahi kuona mpaka rangi huyo. Hilo halikuupunguzia mnong'ono nguvu hata kidogo.

"Ile si alkini aliyoagiza mwalimu," Mkuu aliwaambia wageni walipokuwa wanatoka, kwa sauti ya chini iliyofika hadi bwalo la chakula. "Ile imekwenda mjini, ikarudi nyingine."

Jioni hiyo Bi Kizibo alifungua shada la funguo kiunoni akaliweka mezani kwa Mkuu. Kabla ya kuondoka aliutaja kila ufunguo na mlango wake, ili Mkuu asije akasema baadaye umepungua.

Ajabu ya kisa hiki ni kwamba hakuna mtu shuleni anayeshuku kumzidi mshukiwa.

Alianza kazi akiwa msichana, akimsaidia mhudumu aliyemtangulia. Mwaka wake wa kwanza, mtu alikuwa akinywa spiriti ya maabara usiku na kujazia maji. Siku ya mtihani wa vitendo taa za spiriti zilikataa kuwaka, na wanafunzi wakakaa mbele ya njiti zilizoungua hadi muda ukaisha. Aliyekuwa akinywa hakujulikana. Aliyefukuzwa ni mhudumu, mzee ambaye Bi Kizibo anasema hakuwahi kuonja hata soda.

"Alinifundisha kuosha mirija," anasema. "Aliondoka na begi lake pale getini, hakuna aliyemsindikiza. Nikajiambia, mimi nitanusa kila kitu, na kila mtu."

Ameitimiza ahadi hiyo. Mwalimu wa kemia bado hajasamehewa kipimajoto kilichopotea enzi akiwa mwanafunzi.

"Kipimajoto changu kiko wapi?" humsalimia hivyo asubuhi.

"Mama, nilimaliza shule, nikaenda chuo, nikahitimu, nikarudi. Bado tu?"

"Na kipimajoto nacho kimehitimu?"

Nyumbani hali si tofauti. Mume wake ni fundi cherehani, mpole, mwenye utepe wa kupimia shingoni hata siku ya mapumziko. Anasema chupa ya mafuta ya kupikia ina mstari wa kalamu, kopo la sukari lina mstari, na sabuni ya kuogea imewahi kuchorwa pembeni ili ijulikane nani anaisugua kwa fujo.

"Nikichelewa kurudi ananipokea vizuri sana," anasema fundi cherehani. "Ananikumbatia. Ndipo unasikia pua inafanya kazi begani. Wiki hii hajaninusa. Ndiyo maana nina wasiwasi."

Anaficha uso kwenye kitambaa anachokishona. "Anakaa hapo mlangoni, anaangalia barabara. Nikamwambia, mama watoto, kama hukuiba, unaogopa nini. Akaniambia, yule mzee naye hakuiba."

Siku ya pili baada ya funguo kuchukuliwa kulikuwa na kikao ofisini kwa Mkuu. Waliitwa mwalimu wa kemia, Bi Kizibo, na mtunza stoo, ambaye ni mdogo wake mume wa Bi Kizibo na kwa hiyo ni shemeji yake. Undugu huo nao ulikuwa umeshatiliwa shaka na watu wenye muda. Taarifa za kikao zimepatikana kutoka kwa vyanzo vya kuaminika, kimoja kikiwa dirisha la ofisi ambalo halifungi vizuri.

Mkuu alianza na mtunza stoo.

"Chupa uliitoa stoo ikiwa imefungwa?"

"Imefungwa, na utepe wa kiwandani juu. Shemeji akaikagua, akanusa kizibo, halafu akaninusa na mimi."

"Akasemaje?"

"Akasema chupa ni nzima, mimi nikaoge."

Mwalimu wa kemia aliomba kusema. Alikuwa amechukua sehemu ya alkini iliyobaki akaichemsha, na karibu yote ilichemka kwenye joto lile lile linaloandikwa vitabuni. Kama mtu angemimina petroli au rangi nyepesi, kipimajoto kingesema.

"Kipimajoto kipi?" Bi Kizibo aliuliza.

"Kuchemka si ushahidi," Mkuu alisema. "Hata chai inachemka. Mama, una la kusema?"

Bi Kizibo alikuwa nalo. Alikuwa amelipanga usiku kucha, na alilitoa akiwa amesimama, kidevu juu.

"Mkuu, chupa hiyo haikuweza kubadilishwa na mtu, na nitakwambia kwa nini. Mwalimu alitaka ikae kabatini. Kabati lile la mbao ukilifunga ni giza tupu, nani anajua kinachoendelea mle? Nikaitoa. Ilikuwa kwenye chupa ya kahawia, na chupa ya kahawia huoni vizuri kilichomo, kimepungua, kimeongezeka. Nikaihamishia kwenye chupa nyeupe. Nikaiweka dirishani, mbele ya kiti changu. Muhula mzima imekaa pale jua likiipiga, mimi naitazama, yenyewe inanitazama. Kila asubuhi naifungua, nanusa, nafunga. Nani angeigusa?"

Akakaa. Alikuwa amemaliza utetezi wake, na aliuona kuwa mzuri.

Mwalimu wa kemia aliweka kalamu mezani polepole.

"Dirishani, mama?"

"Dirishani."

"Juani?"

"Juani kabisa. Mwizi hapendi jua."

"Na unaifungua kila siku?"

"Kila siku. Nikipishana na wewe mlangoni, naifungua tena."

Mwalimu aligeukia ukuta, akakohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Alipogeuka tena uso ulikuwa umetulia. Alisema chupa haikubadilishwa na mtu. Ilibadilika yenyewe, pale pale dirishani, ikiwa chini ya ulinzi.

Alkini ikikaa kwenye mwanga, na hewa mpya ikiingia kila siku, huokota oksijeni kidogo kidogo na kutengeneza peroksidi. Haionekani, na pua haiwezi kuikamata. Peroksidi ikiwapo, utaratibu wa bwenini unapinduka. Hidrojeni haingii tena wa kwanza. Bromini ndiyo inayotangulia, ikiwa na elektroni moja mkononi isiyo na mwenzake, na inakimbilia kitanda cha ukutani ili upweke huo wa elektroni moja uangukie kaboni ya pili, yenye majirani. Hidrojeni inakuja nyuma na kuketi palipobaki.

"Kwa hiyo sheria ya majirani ni ile ile," mwalimu alisema. "Kilichobadilika ni nani ametangulia kuingia. Bromini ikitangulia, inaishia ukutani. Ndicho tulichokiona."

"Kwa hiyo mwizi ni hewa," alisema Bi Kizibo.

"Hewa na jua, mama."

"Hao siwezi kuwapekua."

"Kuna jambo jingine," mwalimu alisema, na safari hii hakukohoa. "Kimiminika chenye peroksidi nyingi, ukikichemsha hadi kikaribie kukauka, kinaweza kulipuka. Mimi nimekichemsha sijui. Bahati yangu sikukimaliza."

Walioshuhudia wanasema hapo ndipo kidevu cha Bi Kizibo kiliposhuka. Alitazama mikono yake yenye madoa.

"Watoto wangekuwa wamekaa mbele," alisema.

Ungedhani kisa kiliishia hapo. Lakini Mkuu wa shule hakufika kwenye kiti chake kwa kuamini maelezo, hasa yanayopendeza.

"Hadithi nzuri," alisema. "Nzuri mno. Mwalimu, wewe ni mwanafunzi wake wa zamani. Wewe mtunza stoo ni shemeji yake. Nimebaki mimi peke yangu ambaye si ndugu."

Hata Bi Kizibo mwenyewe hakuamini. Aliposindikizwa nje alimnong'oneza shemeji yake kwamba mwalimu anamtetea ili asahau kipimajoto.

Ikaamuliwa jaribio lirudiwe mbele ya watu, kwa alkini ile ile. Mkuu aliibeba chupa mwenyewe akaifungia kwenye droo ya meza yake, na hivyo, bila kukusudia, akawa mtu wa kwanza muhula huu kuitunza gizani.

Hiyo ndiyo asubuhi ya leo.

Mlango unafunguliwa na mwalimu wa kemia. Bi Kizibo anaingia wa mwisho, akigusa meza kama mgeni anayeogopa kuchafua. Amekatazwa kushika chochote. Anaonyeshwa benchi la wanafunzi la mbele, anakaa peke yake katikati, mikono mapajani. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamejaa nyuma. Kiti chake cha kawaida, kile cha dirishani, kiko wazi, na hakuna mwenye ujasiri wa kukikalia.

Mkuu anamimina alkini mwenyewe kwenye vyombo viwili. Cha kwanza kinaachwa kama kilivyo. Cha pili mwalimu anakitikisa na maji yenye salfeti ya chuma, dawa inayoiua peroksidi, kisha anakiosha na kukikausha. Anachovya karatasi yenye wanga na iodidi, ambayo hugeuka bluu ikikuta peroksidi, katika cha kwanza. Karatasi inageuka bluu iliyokolea. Katika cha pili inabaki nyeupe.

"Karatasi zote zimetoka pakiti moja?" anauliza Mkuu.

"Chagua mwenyewe, Mkuu."

Mkuu anachagua mwenyewe. Matokeo hayabadiliki. Anaonekana kusikitika kidogo.

Mvuke wa hidrojeni bromidi unapitishwa katika vyombo vyote viwili ndani ya kabati la moshi, lile linalovuta hewa mbaya nje, dirisha lake la kioo likiwa limeshushwa. Kazi hii inachukua muda. Mtunza stoo, ambaye hakuitwa, anaingia na kukaa upande wa kushoto wa Bi Kizibo.

"Shemeji, unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kukaa."

"Stoo umemwachia nani?"

"Nimefunga."

"Umejaribu kitasa baada ya kufunga?"

"Mara mbili, shemeji."

Baada ya muda mlango unafunguliwa tena. Ni mfagiaji, na ndoo yake. Anaiweka chini, anajifuta mikono kwenye suruali, anakwenda kukaa upande wa kulia. Mkuu anamuuliza ana shughuli gani hapo.

"Nimesikia mama anashukiwa wizi," anasema mfagiaji. "Nikasema nije. Huyu ananikagua kila siku ya Mungu. Kama kuna mtu anajua hawezi kuiba, ni mimi. Ataiba saa ngapi, Mkuu? Muda wote yumo ndani ya ndoo yangu."

Kutoka viti vya nyuma mwanafunzi mmoja anasema, kwa sauti ya mtu anayejibu swali la mtihani: "Kitanda kinachofuata. Majirani pande zote mbili."

Darasa linacheka. Bi Kizibo hacheki. Anamtazama mfagiaji kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza ndoo inakaa karibu naye bila kuchunguliwa.

Mazao yote mawili yanaoshwa hadi karatasi ya kupima asidi inanyamaza. Mirija miwili inawekwa kwenye maji ya moto. Mwalimu anadondosha nitrati ya fedha kwenye mmoja, kisha kwenye mwingine, na anarudi nyuma na mikono mgongoni ili asije akaambiwa ameisukuma.

Mrija wa alkini iliyosafishwa unaanza kutia ukungu. Kwanza ni kama pumzi ya mtu kwenye kioo, kisha unakuwa mzito, rangi ya maziwa yaliyochacha. Mrija wa pili, wa alkini iliyoachwa kama ilivyokaa dirishani, hauna hata doa.

Mkuu anaichukua yote miwili kwa kibanio, anaipeleka kwenye mwanga. Anaigeuza. Anavaa miwani, anavua, anavaa tena.

"Chupa ni moja?"

"Moja, Mkuu. Umemimina mwenyewe."

"Na droo yangu ilikuwa imefungwa."

"Hilo wewe ndiye shahidi."

Mkuu anafikiri. Ni dhahiri anatafuta mtu wa kumshuku, na aliyebaki ni yeye mwenyewe. Anarudisha mirija mahali pake.

"Kama ingekuwa imebadilishwa, kuisafisha kusingeirudisha," anasema hatimaye. "Ni alkini yetu. Mama, hukuiba."

Mtunza stoo anamgusa shemeji yake begani. Bi Kizibo hasogei.

"Ila umeiharibu kwa kuilinda," Mkuu anaendelea. "Na ungeweza kuumiza watu. Kwa hiyo funguo nitakurudishia kwa masharti. Kila kinachoogopa mwanga kinarudi kwenye chupa ya kahawia, chupa inarudi kabatini, kabati linafungwa. Halifunguliwi hadi siku ya somo."

Bi Kizibo anainua macho.

"Na nitajuaje kama vimo?"

"Hutajua."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote hizo."

Anatazama shada la funguo kwenye kiganja cha Mkuu. Baadaye atamwambia mwandishi kwamba alikaribia kumwachia. Lakini wakati huo ananyoosha mkono, anazipokea, anazipitisha ufunguo mmoja mmoja chini ya pua, na maabara nzima inasikia tena mlio wake anapozifunga kiunoni. Wanafunzi wawili walioko karibu na rafu ya sumaku wanaondoa mikono mifukoni kwa mazoea.

Baada ya chakula cha mchana anapatikana peke yake, akihamisha chupa. Amekwisha kubandika alama ya jua lililokatwa mstari kwenye mlango wa kabati. Amechota maji na kuisugua rafu ya dirishani hadi ikang'aa, na juu yake hakuna kitu.

"Yule mzee wangu hakupata mtu wa kukaa naye," anasema bila kugeuka. "Alikaa kwenye benchi lile lile. Mimi nilikuwa msichana, niliogopa, nilisimama mlangoni. Leo nimekaa pale, huku shemeji, huku mwenye ndoo. Nikasema, kumbe hivi ndivyo inavyokuwa."

Anafunga kabati kwa ufunguo. Anajaribu kitasa. Anajaribu tena.

Akiulizwa ana mpango gani kwa siku zijazo, anasema anataka kumuomba mwalimu wa kemia amweleze vizuri habari za peroksidi na mambo mengine yanayoingia bila kubisha hodi, kwani anaona pua yake peke yake haitoshi tena. Mwalimu amekubali. Somo la kwanza litaanza Jumatatu, kwa sharti kwamba kipimajoto kisitajwe. Sharti hilo bado linajadiliwa.

"Na nina jambo moja kubwa," anaongeza. "Nataka nistaafu nikiwa nimeliamini kabati moja. Moja tu linanitosha. Tazama, nimeshaanza."

Anaonyesha kiti chake. Kweli, amekigeuza. Kwa mara ya kwanza kimelipa kabati mgongo na kuutazama ukuta.

Ukutani, sawasawa na usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kumepigiliwa kipande cha kioo.

"Hicho ni cha kurekebishia kitambaa cha kichwani," anasema Bi Kizibo.

Mwandishi alikaa kwenye kiti, kwa ruhusa, baada ya kukaguliwa. Ndani ya kioo kabati lilionekana lote, toka mlango hadi miguu.

Alipoulizwa ataanza lini hasa kuliamini, Bi Kizibo alirekebisha kitambaa chake, polepole, akitazama kioo kwa makini.

"Muhula ujao," alisema.